Binti anataka uzamili wa kilimo, mama ana kiinua mgongo: familia ianzie wapi?

Dada yangu alistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka jana, baada ya miaka 34 ya kushika chaki. Kiinua mgongo chake kilipoingia benki, nilidhani atanipigia simu kuhusu bati za nyumba au ng'ombe wa maziwa. Hakutaja bati. Alisema, "Kaka, nataka mtoto aongeze elimu. Njoo Muheza tukae, tuzungumze kabla hela hazijaanza kuondoka zenyewe."

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu, ana miaka 28 na ni mama wa mtoto mmoja wa miaka mitatu. Shahada yake ya kwanza ni ya kilimo cha mazao, aliipata miaka minne iliyopita. Ameomba kazi serikalini mara nyingi kuliko anavyopenda kuhesabu, na katika kusubiri ameuza mbegu na dawa kwenye duka la pembejeo Korogwe, kwa malipo ya mwezi ambayo mwenye duka huyatoa akijisikia.

Nilifika Jumapili asubuhi. Baada ya chai mpwa wangu alileta karatasi tatu alizochapisha steshenari akazipanga juu ya meza kama mtu anayetandaza karata. Ya kwanza ilikuwa ya shahada ya uzamili katika biashara ya kilimo, masomo ya jioni, Dar es Salaam. Ya pili, uzamili katika sayansi ya mazao, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ya tatu lilikuwa tangazo la ufadhili wa masomo Ulaya.

Mama yetu, ambaye ana miaka zaidi ya 80 na bado analima, alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya muhogo. Akauliza, "Karatasi ipi hapo inatibu muhogo wangu?"

Tulicheka. Lakini bibi hakuwa anatania. Alipasua mzizi mmoja kwa kisu akatuonyesha: ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama gome. Huo ndio ugonjwa wa michirizi kahawia. Ubaya wake ni kwamba majani yanaweza kukudanganya mpaka siku ya kung'oa. Na kuna jambo ambalo wengi wa Muheza hawalijui: ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza miaka ya 1930 na watafiti waliokuwa Amani, kwenye milima ileile ya Usambara Mashariki unayoiona ukisimama uani kwa mama. Miaka inakaribia 90, na muhogo wa bibi bado unaoza ardhini.

Nieleze kwa nini niliitwa mimi. Si kwa sababu najua kilimo. Niliitwa kwa sababu familia yetu ilishaungua mara moja na mimi ndiye niliyeshika kiberiti.

Mtoto wa kaka yangu aliwahi kuanza uzamili katika chuo kimoja, nisikitaje, kwa ushauri wangu. Nilimwambia achague programu yenye jina zuri na ada nafuu, mengine yatajipanga. Masomo ya darasani aliyamaliza kwa mwaka mmoja na alama nzuri. Baada ya hapo akaingia kwenye utafiti na hapo ndipo alipozama. Msimamizi wake alipata kazi nje ya nchi. Aliyempokea alitaka mada ibadilishwe. Fedha za kwenda shambani zilikuwa zake mwenyewe, na baba yake aliuza ekari mbili ili zipatikane. Mwaka wa kwanza wa jaribio mvua ilikata, mwaka wa pili ng'ombe wa jirani walikula nusu ya vitalu. Programu ya miaka miwili ilimchukua mitano, huku akilipa ada ya kuendelea kuwa mwanafunzi kila mwaka. Alihitimu, namshukuru Mungu, lakini zile ekari mbili hazikurudi, na kaka yangu mpaka leo akiniona naangalia vipeperushi vya vyuo hubadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo safari hii nilisema tusiandike jina la mtoto popote mpaka tujue tunanunua nini.

Swali la kwanza: anataka uzamili wa nini, na kwa nini?

Dada yangu alipendelea ile ya jioni Dar es Salaam. Hoja yake ilikuwa ya mama: ni ya haraka, mtoto atapata kazi ya mchana, na neno biashara lina harufu ya fedha. Hoja hiyo si ya kudharau. Mtu aliye tayari kazini, tuseme kwenye benki inayokopesha wakulima au kampuni inayonunua mazao, uzamili wa biashara ya kilimo unaweza kumpandisha cheo bila kumtoa kwenye mshahara. Lakini mpwa wangu hana kazi Dar es Salaam. Angeanza kwa kupanga chumba.

Nikamuuliza mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasimulia jambo ambalo mama yake alikuwa hajawahi kulisikia.

"Mjomba, kuna mzee alikuja dukani na jani la mhindi lina matundu. Nikajua ni kiwavijeshi vamizi, nikamuuzia dawa. Baada ya wiki mbili akarudi na chupa tupu. Viwavi wamebaki, mahindi yamekwisha. Akaniuliza, binti, nilikosea kupima au dawa ndiyo mbovu au nilichelewa? Sikuwa na jibu. Nikamuuzia nyingine. Ile hela aliikopa. Nimechoka kukisia, Mjomba."

Kiwavijeshi vamizi aliingia Afrika mwaka 2016 na mwaka uliofuata alikuwa tayari Tanzania. Waliosoma shahada ya kwanza kipindi hicho walifundishwa juu ya mdudu ambaye walimu wao nao ndio kwanza walikuwa wanamjifunza. Si ajabu binti wa dukani akikisia. Kilichonigusa ni kwamba alikuwa amebeba chupa tupu ya yule mzee moyoni kwa miezi.

Pale karatasi ya kwanza iliondoka mezani yenyewe. Mtu anayetaka kujua kwa nini dawa imeshindwa anahitaji sayansi ya mazao, upande wa wadudu na magonjwa ya mimea.

Wazazi wengi husema "uzamili wa kilimo" kana kwamba ni kitu kimoja, kama vile mtu aseme anakwenda kusomea hospitali. Pale Morogoro peke yake kuna uzamili wa sayansi ya mazao, wa udongo na usimamizi wa ardhi, wa ufugaji wa kanda za joto, wa uhandisi wa umwagiliaji, wa sayansi ya chakula, wa lishe, wa uchumi wa kilimo, wa maendeleo vijijini, na kadhalika. Anayesomea udongo atashinda maabara na kwenye mashimo ya mita moja na nusu. Anayesomea uchumi wa kilimo atashinda na dodoso vijijini, na jioni na takwimu kwenye kompyuta. Kazi ni tofauti na mwajiri ni tofauti. Arusha kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambayo haina kabisa shahada ya kwanza, imejengwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu tu. Kwa majirani zetu kuna Egerton kule Njoro na Makerere kule Kampala, vyote vya siku nyingi katika kilimo.

Chuo cha Sokoine chenyewe kilizaliwa Julai 1984 kutoka kilichokuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humohumo Aprili 12 mwaka huo. Dada yangu anakumbuka alivyolia siku ile. Nadhani hilo nalo lilisaidia kumtoa Dar es Salaam, ingawa hatakubali.

Kaulize ukurasa wa shukrani

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari ambaye sasa ni mhadhiri wa kilimo. Nilimpigia simu jioni ileile. Nilitegemea atanisifia programu ya chuo chake. Badala yake aliniuliza, "Amezungumza na nani pale?" Nikamwambia ameona tangazo. Akacheka. "Uzamili wa kilimo nusu yake ni darasa na nusu yake ni mtu. Huyo mtu ndiye msimamizi. Darasa utalikuta popote."

Kwa kawaida uzamili wa vyuo vyetu ni miaka miwili: mwaka wa kwanza masomo na mitihani, mwaka wa pili utafiti na kuandika tasnifu. Kuna pia ule wa utafiti mtupu, usio na masomo ya darasani au wenye machache sana, na huo unamfaa mtu ambaye tayari yuko kwenye taasisi ya utafiti na ana mada mkononi. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kuomba wa pili kwa kudhani ni wa rahisi kwa sababu hauna mitihani. Na ambaye alama zake za shahada ya kwanza hazifiki kiwango asikate tamaa mapema. Aulize kuhusu stashahada ya uzamili, ambayo vyuo huipokea kama ngazi ya kupandia.

Rafiki yangu alitupa mbinu moja ambayo naiona ni ya dhahabu na haigharimu chochote zaidi ya bando la intaneti. Tasnifu za wanafunzi wa Sokoine zimewekwa mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Alisema mpwa wangu afungue tasnifu za miaka ya karibuni katika fani anayoitaka, lakini asianze na utafiti wenyewe. Aanze na ukurasa wa shukrani.

Mpwa wangu alisoma 12 kwa siku tatu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ukurasa wa shukrani unasema mengi. Unakuonyesha nani alisimamia. Unakuonyesha nani alilipa, kwani mwanafunzi aliyebebwa na mradi hutaja mradi, na aliyebebwa na familia hushukuru wazazi "kwa kujinyima". Baadhi hushukuru mke kwa uvumilivu wa "miaka yote hii", na hapo unajua miaka ilikuwa mingi. Ukilinganisha majina ya wasimamizi na miaka ya kuwasilisha, unaanza kuona nani anamaliza na wanafunzi wake.

Kati ya zile 12, msimamizi mmoja alijirudia mara tatu, na mara zote tatu kulikuwa na mradi. Mpwa wangu akamwandikia barua pepe. Hakuomba nafasi. Alieleza kuhusu mzee na chupa tupu, akauliza maswali mawili juu ya tasnifu aliyoisoma. Jibu halikuja. Baada ya wiki mbili akaandika tena. Jibu likaja: njoo tuonane.

Mvua haisubiri pendekezo la utafiti

Kabla hajaenda, tulikaa na kalenda. Hili ndilo lililomzamisha mtoto wa kaka yangu na ndilo ambalo vipeperushi havilitaji.

Mwanafunzi wa uchumi akichelewa mwezi mmoja, amechelewa mwezi mmoja. Mwanafunzi wa mazao akichelewa mwezi mmoja anaweza kuwa amechelewa mwaka mzima, kwa sababu mvua imepita. Masomo yakianza Oktoba, mihula miwili ya darasa inaisha karibu na Julai. Pendekezo la utafiti liwe limeandikwa, limetetewa na kupitishwa kabla ya mvua anayoitaka. Kwa mikoa kama Tanga yenye vuli na masika, akikosa vuli ya Oktoba hadi Desemba bado ana masika ya Machi. Kwa Dodoma au Singida, ambako msimu ni mmoja, akiukosa basi. Anayeweza kupata shamba la umwagiliaji ana unafuu, lakini maji nayo yana bei yake.

Halafu linakuja zao lenyewe. Maharage yanakaa shambani kama miezi mitatu. Mahindi ya ukanda wa chini, minne. Muhogo unataka miezi tisa hadi 12 ndipo uung'oe uone mzizi. Wakaguzi mara nyingi hupenda kuona jaribio limefanyika zaidi ya msimu mmoja au zaidi ya sehemu moja, maana mvua ya mwaka mmoja inaweza kukupa jibu la uongo. Piga hesabu. Mwanafunzi wa maharage anaweza kupata misimu miwili ndani ya mwaka wake wa pili. Mwanafunzi wa muhogo akipata mmoja ashukuru, na akiharibikiwa hana pa kurudia. Anayetaka kufanya utafiti kwenye miti ya miaka mingi, kama korosho au minazi, anahitaji kukuta shamba ambalo wengine walishalipanda.

Mpwa wangu alikuwa amekwenda na wazo la muhogo wa bibi. Nilimwona uso ukibadilika tulipokuwa tunahesabu miezi kwa vidole.

Fedha, na nani anailipa ipi

Ada ya uzamili kwa vyuo vyetu ni milioni kadhaa kwa mwaka, na ada ndiyo gharama ambayo watu huiona. Ambayo hawaioni ni ya shamba. Tuliandika orodha na rafiki yangu mhadhiri kwa simu: kukodi eneo, kulima, mbegu, mbolea, vibarua wa kupalilia, nauli za kwenda na kurudi, malipo ya maabara kwa kila sampuli ya udongo au mmea, mlinzi wa kufukuza ng'ombe na wezi, mtu wa kumsaidia na takwimu kama yeye ni mgeni wa programu za kompyuta, kuchapa na kutia jalada. Sampuli ndizo mwizi mkubwa. Moja inaonekana bei ndogo, lakini jaribio lina vitalu vingi na kila kitalu kinapimwa zaidi ya mara moja.

Mikopo ya Bodi tuliyoizoea imejengwa zaidi kwa ajili ya shahada ya kwanza, kwa hiyo mzazi asipange bajeti ya uzamili kwa kuitegemea. Njia za kweli ni tatu. Mwajiri anayelipa, na hapo mwenye kazi ana faida. Ufadhili wa mashindano. Na mradi wa mhadhiri, ambao ndio watu huusahau. Jumuiya ya vyuo vikuu vya kilimo ya RUFORUM, yenye makao yake Makerere tangu ilipoanzishwa mwaka 2004, kwa miaka mingi imekuwa ikitoa fedha za utafiti kwa wahadhiri kwa sharti la kubeba wanafunzi wa uzamili ndani ya mradi. Ndiyo maana barua kwa mhadhiri ina thamani kuliko fomu iliyojazwa vizuri. Wa uchumi wa kilimo nao wana programu ya pamoja ya vyuo vya Afrika iliyoanza mwaka 2005, ambamo wanafunzi kutoka nchi mbalimbali walikuwa wakikutana Chuo Kikuu cha Pretoria kwa masomo ya kuchagua.

Karatasi ya tatu, ya Ulaya, ilitutia tamaa sote. Uingereza uzamili mwingi ni wa mwaka mmoja. Wageningen kule Uholanzi, chuo kinachosifika dunia nzima kwa kilimo, ni miaka miwili. Wajerumani kupitia DAAD wana ufadhili kwa ajili ya watu wa nchi zetu, lakini kwa programu zao za maendeleo wanataka mwombaji awe amefanya kazi ya fani yake angalau miaka miwili baada ya shahada, na shahada isiwe ya zamani sana, kisichozidi miaka sita. Mpwa wangu alikuwa na miaka minne ya kazi. Alichokuwa hana ni ushahidi: mwenye duka hajawahi kumpa mkataba wala hati ya malipo. Alipomwomba barua ya kuthibitisha tu, mwenye duka aliogopa ni mambo ya kodi. Kijana unayesoma hapa, hata ukiuza nyanya za mtu, omba barua leo.

Na kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu. Dada yangu alisema, "Mimi nitabaki naye, nimelea wa watu miaka 34." Mpwa wangu akajibu taratibu, "Mama, Ulaya ni miaka miwili bila kumwona. Morogoro nitakuja kila nikipata nauli." Hakuna aliyebishana naye. Nimeona kaya ambazo zilimsukuma mama mchanga aende kwa sababu ndege ni ndege, na zilizomzuia asiende popote kwa sababu ana mtoto. Wote wawili hukosea kwa kuwa hawakumuuliza mwenyewe.

Alichorudi nacho

Alikwenda Morogoro siku mbili. Yule mhadhiri alimpa nusu saa, kisha akamkabidhi kwa wanafunzi wake wa uzamili wawili, na kwa maelezo ya mpwa wangu hao ndio waliomweleza ukweli: kwamba mwalimu ni mkali, anarudisha rasimu ina wino mwekundu kuliko mweusi, lakini huirudisha ndani ya wiki mbili. Ukipata msimamizi anayerudisha rasimu ndani ya wiki mbili, mengine yote mvumilie.

Mradi uliokuwapo ulikuwa wa inzi wa maharage, yule ambaye mabuu yake hutoboa shina la mche mchanga ukanyauka kabla hujajua umekosa nini. Eneo la majaribio ni Lushoto. Mradi ungelipa gharama zote za shamba na maabara. Ada na chakula ni juu yake.

Muhogo haukuwamo.

Tulikaa tena, mara hii jioni, taa ya sola ikififia. Dada yangu alitaka kutoa ada ya miaka miwili yote kwa mkupuo "ili shetani asiifikie." Hapo nilisimama, kwa uchungu wa ekari mbili za kaka yangu. Tukakubaliana atalipa muhula kwa muhula, na fedha ya mwaka wa pili ikae kwenye akaunti ya muda maalumu mpaka pendekezo la utafiti lipitishwe. Pendekezo lisipopita kabla ya masika, tunakaa tena kama leo. Mpwa wangu hakupenda, alisema tunamwekea mtego. Nilimwambia mtego hauwekewi yeye, unawekewa kalenda. Sina hakika alinielewa, lakini alitia saini kwenye daftari la mama yake, na dada yangu, mwalimu mpaka mwisho, akapigia mstari kwa rula.

Bibi ndiye alikuwa mgumu. "Maharage!" alisema. "Mtu anatoka Muheza anakwenda Morogoro ili arudi Lushoto kuangalia maharage. Na muhogo wangu?"

Mpwa wangu akamweleza kwamba akijifunza kufuatilia mdudu mmoja mpaka mwisho, atajua namna ya kufuatilia mwingine, na kwamba hata michirizi kahawia huenezwa na inzi weupe wadogo pamoja na vipande vya mbegu vyenye ugonjwa. Bibi akasikiliza. Akauliza kama hao inzi weupe wanasoma Morogoro. Akaambiwa wapo watu wanaowasomea. Akanyamaza, akaendelea kumenya.

Aliondoka Oktoba. Nilikuwapo stendi ya Muheza asubuhi ile. Mtoto alilia, mama yake alilia, dada yangu alijifanya anatafuta chenji kwenye mkoba. Basi lilipowashwa, bibi akapenyeza mfuko wa rambo dirishani. Ndani kulikuwa na mizizi mitatu ya muhogo, mmoja umepasuliwa katikati ili mabaka yaonekane.

"Mpe mwalimu wako," alisema. "Mwambie unatoka kwangu."

Juma lililopita mpwa wangu alipiga simu. Alikuwa ameona aibu siku kadhaa, mizizi imekaa chini ya kitanda bwenini ikianza kunuka, mpaka akajikaza akaipeleka. Mhadhiri hakucheka. Aliita mwenzake wa chumba cha pili, wakaikata tena kwa kisu, na yule mwenzake akauliza vipande vya mbegu vilitoka wapi, shamba lina umri gani, na kama mmea mama bado umesimama.

Bibi alipoelezwa maswali hayo alivaa kandambili zake akaenda shambani kuangalia kama bado umesimama.